Ajira kwa vijana wenye ulemavu: Familia zisiachwe nje ya mlango

Leo tunataka tulizungumze jambo ambalo kila Ijumaa tunalipita hatua chache kabla ya kuvua viatu. Ni hali ya vijana wenye ulemavu waliokaa kwenye ngazi za misikiti na mbele ya maduka wakingoja sarafu, ilhali wengi wao wana akili, vipaji na umri wa kufanya kazi.

Hatukusudii kurudia mawaidha juu ya fadhila za sadaka, kwa kuwa hayo yamekwisha kusemwa sana, tena na wajuzi kuliko sisi. Swali letu ni jingine. Programu za kuwapa vijana hawa ufundi na kuwatafutia ajira zimekuwapo nchini kwa miaka mingi, baadhi zikiwa za serikali, baadhi za asasi za kiraia na nyingine za wafadhili kutoka ng'ambo. Kwa nini basi wapo wanaoingia humo wasimalize, na wapo wanaomaliza wakarejea kukaa pale pale walipotolewa? Sababu ni nyingi, na ukaidi wa waajiri ni mojawapo. Lakini ipo sababu ambayo haipewi nafasi ya kutosha katika ripoti: programu humwita kijana, na familia yake ikaachwa nje ya mlango.

Kwa upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 27 inahusu kazi na ajira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, na hilo peke yake lingetosha kuwafanya Waislamu wawe wa mwanzo kuulizia habari zake katika ofisi za kata. Sijui tunangoja nini. Hata hivyo, sheria huzungumza na mwajiri na halmashauri. Haina miguu ya kuingia uani, ikae mkekani na kumwuliza mama anaogopa nini.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko kijana kiziwi wa miaka 20, anayeishi Mbagala pamoja na mama yake, mjomba wake na wadogo zake watatu. Afisa wa programu anafika na fomu, anamsajili katika mafunzo ya useremala ya miezi sita huko Buguruni, anamwahidi nauli, kisha anaondoka. Hakumwuliza mama mtu kijana huyu anafanya nini pale nyumbani. Lau angemwuliza, angeambiwa kuwa ndiye achotaye maji, ndiye abakiye na wadogo zake mama anapokwenda kuuza maandazi alfajiri, na ndiye alindaye nyumba mchana. Kumtoa kijana huyo kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ni kuibomoa ratiba ya nyumba nzima. Afisa hakujua, mama hakuulizwa, na kijana hana lugha ya kutosha ya kulieleza jambo hilo, kwa kuwa pale nyumbani hakuna ajuaye lugha ya alama; wanaelewana kwa ishara za kwao wenyewe, za kula, kulala na njoo hapa.

Wiki ya tatu nauli inachelewa. Wiki ya nne mjomba anasema kijana huyu hasikii honi, atagongwa na gari katika Barabara ya Kilwa, na lawama itamwangukia nani? Wiki ya tano mtoto mdogo anaugua, na kijana anabakizwa nyumbani ili amwangalie. Hakurudi tena Buguruni. Kwenye ripoti ya programu yataandikwa maneno machache tu, kwamba mshiriki aliacha mafunzo kwa hiari yake. Hiari ipi hiyo?

Wengi wetu tunaposikia habari kama hii hukimbilia kuilaumu familia. Tunasema wazazi wanawaficha watoto wao, wanawaonea haya, wanawafanya mtaji. Hayo yapo, na hatutayafunika. Wapo waliowafungia watoto wao vyumbani wageni walipobisha hodi, na wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Lakini ukiketi na wazazi hawa na kuwasikiliza bila haraka, utaona kuwa aghalabu kinachomzuia kijana asitoke ni hofu yenye sababu. Mzazi wa binti asiyeona anajua yanayoweza kumpata binti huyo ndani ya daladala iliyojaa au katika njia yenye kiza. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino hajasahau mauaji yaliyotikisa nchi hii kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hususan katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Huwezi kumwambia mzazi kama huyo kuwa woga wake ni ujinga, kisha ukategemea akukabidhi mwanawe. Unachoweza kufanya ni kumwambia kijana atapita njia ipi, atafuatana na nani, nani atapigiwa simu akichelewa, na nani anasimamia usalama wake huko kazini. Unaweza pia kumkumbusha kuwa Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge wao mwaka 2010. Lakini kumbukumbu hiyo itamfaa baada ya kupata majibu ya maswali yale ya mwanzo.

Lipo suala la fedha, nalo tutalisema wazi hata kama litatuudhi. Kijana anayeketi penye msikiti siku ya Ijumaa anarejea nyumbani na kitu mfukoni jioni hiyo hiyo. Mafunzo ya cherehani hayamletei mtu sarafu mpaka miezi kadhaa ipite, na hata hapo riziki yake haina uhakika. Katika nyumba isiyo na akiba, sarafu za leo zina uzito kuliko mshahara wa mwakani, na si kwa sababu wenye nyumba hiyo ni wavivu au hawana imani. Hesabu yao ni sahihi kwa mujibu wa tumbo la usiku huo. Programu isiyoijibu hesabu hiyo itashindwa, hata ikiletwa na mabango na semina za hotelini.

Hapa ndipo tunapoiona hekima ya kisa mashuhuri alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Mtu mmoja miongoni mwa Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamwuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake, naye akajibu kuwa ana nguo nzito wanayojifunika upande mmoja na kutandika mwingine, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirham mbili. Kwa dirham moja akamwagiza mtu yule awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka na kulileta kwake. Lilipoletwa, Mtume mwenyewe, kwa mkono wake mtukufu, akalitia mpini, akamwambia akakate kuni na kuuza, na wasionane kwa siku 15. Yule bwana akarudi akiwa na dirham 10. Wapo wanazuoni walioijadili isnadi ya hadithi hii, lakini maana yake inapewa nguvu na hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari isemayo kuwa mtu kuchukua kamba yake akaenda kutafuta kuni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu.

Masheikh wetu huitaja sana habari hii wanapokemea uombaji, na aghalabu husimama kwenye shoka. Tunaomba msomaji arejee kwenye dirham ya kwanza. Kabla ya shoka kilikuja chakula cha nyumbani. Mtume (S.A.W.) hakumtuma mtu yule porini kwa siku 15 huku watu wake wakiwa na njaa. Kama angefanya hivyo, huenda siku ya pili tu shoka lile lingeuzwa. Tena mali iliyonadiwa ilikuwa ya nyumba nzima: nguo waliyolalia na chombo walichonywea wote. Familia ile iliingia katika shughuli hii kwa mali yake na ikaangaliwa kwa mahitaji yake, ndipo mmoja wao akaondoka kwenda kazini.

Mfano wa pili ni wa Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), sahaba asiyeona ambaye kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Sura Abasa. Historia inamjua kwa jina la mama yake. Huyu hakuwekwa pembeni akalishwa. Alikuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja aliachiwa usimamizi wa mji wa Madina Mtume alipotoka safari. Bukhari anatusimulia kuwa Bilal aliadhini ungali usiku, na Ibn Umm Maktum akaadhini alfajiri ilipoingia; na kwa kuwa haoni, hakuadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Hebu tulitafakari jambo hili dogo. Kazi yake ilitegemea kuiona alfajiri, naye hakuwa na macho ya kuiona. Hakunyang'anywa kazi kwa sababu hiyo, wala hakuna aliyepanda kuadhini badala yake kwa kumhurumia. Watu walimwambia wakati umeingia, naye akaifanya kazi yake. Wataalamu wa leo wana majina marefu ya msaada wa namna hii kazini. Watu wa Madina waliufanya kila alfajiri.

Huo ndio mpaka ambao familia nyingi zinahitaji kuonyeshwa. Kaka anayemvusha dada yake barabara mpaka kituoni amefanya jambo jema, lakini anayekwenda kumjibia maswali mbele ya mwajiri, huku yeye amekaa kimya kama mzigo, amemharibia. Mama anayemwamsha kijana mwenye ulemavu wa akili na kumkumbusha sare yake ya kazi anamsaidia, ila yule anayempigia simu msimamizi kila saa kuuliza kama amekula anamfanya aonekane mtoto mbele ya wenzake. Tofauti hizi hazieleweki kwa kuambiwa mara moja. Mzazi aliyemlea mtoto kwa miaka 18 akiwa yeye ndiye macho yake au masikio yake hawezi kubadilika kwa semina ya nusu siku.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, tunafundishwa namna ya kusimamia mali za wasioweza kuzisimamia wenyewe, kisha walezi wanaamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona uongofu kwao wawakabidhi mali zao. Aya zinahusu mayatima, lakini utaratibu wa kujaribu kidogo kidogo, kuangalia na kukabidhi ni darsa kwa kila mlezi. Kijana na apewe noti aende dukani na kurudi na chenji. Apande daladala akifuatana na mtu, kisha mtu huyo akae kiti cha nyuma kabisa, kisha asipande. Akipotea njia siku moja akarudi amechelewa, isiwe ndiyo sababu ya kumfungia ndani mwaka mzima.

Tunaposema familia, hatumaanishi mama peke yake, ingawa kwa kweli ndiye anayebebeshwa karibu kila kitu, na mara nyingine baba alikwisha kuondoka tangu mtoto alipozaliwa. Sura An-Nur aya ya 61 inawataja kipofu, kiguru na mgonjwa, na papo hapo inazihesabu nyumba za jamaa ambazo watu wanaweza kula humo bila lawama: za baba, za mama, za kaka, za dada, za ami, za shangazi, za mjomba na za mama mdogo. Ndivyo ukoo ulivyo kwetu. Mjomba mwenye karakana, shangazi mwenye genge sokoni, binamu anayeendesha bajaji, hawa ni waajiri na wasafirishaji wa karibu kuliko kampuni yoyote yenye wafanyakazi 20. Ni ajabu kuwa programu hupeleka barua kwa makampuni ya mjini na kuwaacha hawa, nao wako kwenye mkeka mmoja na kijana kila Sikukuu.

Tatizo hili si la maskini wa Afrika peke yao. Marekani, mwaka 2013, serikali kuu ilianzisha mpango ulioitwa PROMISE kwa ajili ya vijana wa umri wa miaka 14 hadi 16 wanaopata posho ya serikali kwa sababu ya ulemavu na umaskini. Ilionekana kuwa miongoni mwa mambo yanayowazuia vijana hao ni hofu ya nyumbani kwamba wakianza kazi posho itakatwa. Kwa hiyo huduma zikaelekezwa kwa kijana na familia yake pia: wazazi wakakaa na washauri wakapigiwa hesabu ya kitakachopungua na kitakachobaki, na wengine wakasaidiwa kutafuta kazi wao wenyewe. Katika sehemu kubwa ya miradi sita ya mpango huo, vijana waliohudumiwa walifanya kazi za kipato zaidi ya wenzao wasiohudumiwa katika miezi 18 ya mwanzo. Baadaye katika baadhi ya miradi faida hiyo ilififia. Hatuelezi haya ili kuwasifu Wamarekani. Tunaeleza kwa kuwa hofu ya posho ya kule na hofu ya sarafu za Ijumaa za hapa ni ndugu wa tumbo moja, na kule ilibidi zipigwe hesabu na mzazi akiwa mezani.

Hapa kwetu, mjini Iringa, kipo kituo cha Neema Crafts kilichoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Haki haifichwi kwa sababu mwenye nayo si wa dini yetu. Katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika kwenye karatasi anachotaka. Mzazi aliyeambiwa mwanawe hafai kitu, akaketi pale na kuona chai inavyoletwa, atakuwa amefundishwa bila mhadhara. Tungetamani kuuona mfano wa namna hiyo ukiasisiwa kwa nguvu za misikiti yetu, kwani fedha hatukosi. Tunazigawa senti senti mlangoni.

Na hapa tuwakumbushe wenye zaka na kamati zao. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani na Visiwani, Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmuu kuwa fukara mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaomtosha. Maana yake ni kwamba cherehani kwa binti mwenye ulemavu wa miguu aliyekwisha kujifunza kushona, au vifaa vya useremala kwa kijana yule wa Mbagala, ni zaka iliyofika mahali pake. Kwa mujibu wa kisa cha shoka, tungeomba kamati zikumbuke chakula cha nyumba yake katika miezi ambayo cherehani haijaanza kulipa, madhali nyumba hiyo ni ya mafukara na inastahiki.

Limebaki la mshahara wenyewe. Wapo vijana wasio na kitambulisho cha Taifa, hivyo hawana laini ya simu iliyosajiliwa kwa majina yao, na malipo yao hupitia simu ya kaka au ya baba. Mwezi wa kwanza anapewa chote, wa pili nusu, wa tatu anaambiwa fedha ilitumika kwa shida za nyumbani. Kuchangia nyumbani ni wajibu mwema, na vijana wengi hujivunia siku waliyonunua unga kwa jasho lao. Lakini aliyebaleghe mwenye akili timamu ana mamlaka juu ya mali yake, awe haoni, hasikii au hatembei, na mshahara wa binti ni wake kama ulivyo wa mwanamume. Programu inayomtafutia kijana kazi na isimsindikize kwanza kwenda kupata kitambulisho imemwachia mwenye simu ufunguo wa kazi hiyo. Jambo hili liafikiwe na wazazi mapema, kabla ya mshahara wa kwanza, maana baada yake huwa ni ugomvi.

Kamati yoyote ya msikiti itakayopenda kuanza haihitaji kungoja mfadhili. Iwatambue vijana wa mtaa wake kwa kushirikiana na serikali ya mtaa na vyama vya watu wenye ulemavu, iwatembelee nyumbani kabla ya kuwaita popote, na imwulize kijana mwenyewe anataka kazi gani kabla ya kumwuliza mama yake. Mkutano wa wazazi usiwekwe asubuhi, wakati mama wako sokoni. Baada ya swala ya Alasiri ni wakati mzuri zaidi, na akina mama wapate nafasi ya kusema. Awepo mkalimani wa lugha ya alama. Na kama msikiti una ngazi pekee bila njia ya kiti cha magurudumu, mkutano ufanyike chini, uani, kwenye mikeka.